Kabla Hujaandika Kuwa Pati Tu ni Mbovu

Mwaka 2015, usiku, nilikuwa nimebanwa kiti cha nyuma cha matatu tukivuka daraja la Nyali kurudi kisiwani. Simu mkononi, hasira kifuani. Nilikuwa nimetoka kuona Avengers: Age of Ultron, pati tu, yaani sehemu ya pili, ya filamu za kundi la mashujaa wa Marvel. Kabla hatujafika Buxton nilikuwa nishaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Picha bure. Quicksilver anakufa, Hulk anatoroka na ndege, basi. Msipoteze pesa zenu."

Binamu yangu wa Likoni alikuwa amedunduliza wiki tatu aende kuiona Jumamosi. Alijibu neno moja: "Ahsante." Sasa mtu wa Pwani akikuandikia ahsante kavu namna ile, bila "kaka", bila kicheko, jua ushaharibu. Wiki mbili hakunipigia simu. Tulipokutana harusini kwa shangazi, akanipa mkono, akaniuliza kwa adabu zote: "Vipi, Hulk bado hajarudi?" Watu wa meza nzima wakacheka. Mimi nikainamia pilau yangu.

Nayakumbuka haya kwa sababu Avengers: Doomsday imepangiwa Desemba 2026, na tayari kila baraza lina hakimu wake. Tangu Julai 2024 ilipotangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, atarudi akiwa Doctor Doom, adui, kuna waliokwisha kuipa sifa na kuna waliokwisha kuizika. Picha yenyewe hawajaiona. Ushauri wangu ni mdogo tu: usiku ule unaotoka ukumbini, usihukumu. Iache ipoe kama uji. Na usimwage mtama, kuku ni wengi.

Hasira yangu ya 2015 niliipeleka mwenyewe Nyali, sikuikuta kule. Ile Avengers ya kwanza, ya 2012, niliiona kwenye kibanda cha video Majengo, juu ya benchi la mbao, shilingi kumi, na DJ akitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akitia na masihara ambayo hayamo kwenye filamu. Loki, adui wa filamu ile, alitukanwa siku ile matusi ambayo Marekani hawayajui. Nikaipenda hadi mwisho. Halafu Oktoba 2014 trela ya sehemu ya pili ikavuja kabla ya siku yake, nami nikaitazama mpaka nikawa naweza kuisoma kwa ghibu. Miezi sita nzima nikawa nashona filamu yangu kichwani. Siku ya siku nikalipa tiketi niende kuona ile ya kichwani, nikakuta ya Joss Whedon. Lazima nikasirike. Siku hizi natazama trela moja, mara moja, zinazofuata naziruka.

Kilichonikera zaidi kilikuwa shamba. Mtakumbuka: katikati ya filamu, mashujaa wakiwa wamepigwa na kuchanganyikiwa, Hawkeye anawapeleka mafichoni kwake mashambani. Kumbe ana mke, ana watoto, na nyumba yenyewe bado inakarabatiwa. Hakuna ngumi. Wanapasua kuni. Mimi nikasema, hii ni nafasi ya kwenda chooni, nikatoka, nikapitia na soda, nikarudi shamba limekwisha. Nikajiona mjanja.

Miaka minne baadaye, wiki ya kabla ya Avengers: Endgame, binamu yangu alikuwa amenisamehe nusu. Tukakaa kwake Likoni na kompyuta mpakato, feni ikipiga kelele, tukairudia Age of Ultron tangu mwanzo. Safari hii sikuinuka. Nikaona vile Hawkeye, mwenye upinde na mishale tu kati ya miungu na majitu, ndiye peke yake mwenye kitu cha kurudia nyumbani. Nikaona pia ile karamu ya mwanzo, nyundo ya Thor, ambayo asiyestahili hawezi kuinyanyua, iko juu ya meza, wanaijaribu mmoja mmoja kwa mzaha. Captain America anapovuta, nyundo inacheza kidogo, mithili ya mlango uliokwama. Thor anakuwa anacheka, kicheko kinamkauka. Mwaka 2015 nilikipita kitu hicho kama matatu inavyoipita stendi isiyo na abiria.

Basi nikaingia Endgame na mambo hayo mawili mfukoni. Na filamu inaanza na nini? Inaanza na familia ya Hawkeye, nje kwenye nyasi, wanataka kula. Anageuka kidogo, akirudi kutazama, hawapo. Wamekuwa vumbi. Ukumbi ulinyamaza kiasi cha kusikia mtu akifungua karatasi ya peremende. Wenzangu waliokwenda kununua soda mwaka 2015 walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini, "Hawa ni nani?" Nilitamani kuwajibu, lakini niliujua ugonjwa wangu, nikaziba mdomo.

Kwa hiyo ukiona sehemu imekuchosha kwenye pati tu, usiinuke. Ile ngumi utaikumbuka hata bila kujitahidi. Aliyeiandika filamu akikupunguzia mwendo makusudi, huenda ana kitu anakiweka akiba.

Niseme pia la pwani, maana bado linanichekesha. Katika Age of Ultron kuna mahali skrini inaandika kwamba tuko kwenye yadi ya meli chakavu, "pwani ya Afrika". Basi. Seoul inatajwa kwa jina, Johannesburg tunaijua ni Johannesburg na Hulk anaibomoa akipigana na Iron Man, lakini sisi tumepewa "pwani ya Afrika", kuanzia Misri mpaka Cape, jichagulie. Kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Hapo Mtongwe hapo!" na ukumbi ukaangua kicheko. Picha zenyewe za meli zile zilipigwa Chittagong, Bangladesh, wanakovunja meli kuukuu ufukweni. Halafu Bruce Banner anaulizwa alama iliyochomwa shingoni mwa mlanguzi wa silaha ni ya lugha gani, akasema ni ya lahaja ya Kiafrika, na jina la nchi likamshinda ulimi: Wakanada, Waka, Wakanda. Ulimi uliozoea maneno ya Kibantu hauhangaiki na Wakanda, ni jina laini kama Malindi. Nililiandika hilo pia kwenye kundi usiku ule, kwamba wametudharau. Na kweli kulikuwa na dharau kidogo, siwezi kuwatetea. Lakini jina lile lile lililokwama mdomoni mwa Banner, kufikia 2018 lilikuwa na filamu yake kamili, Black Panther, na Lupita Nyong'o wetu ndani. Mwaka huo huo mapigano makubwa ya Infinity War, Avengers ya tatu, yakafanyika kwenye nyasi za Wakanda. Usiku wa kwanza ningeliyajuaje hayo?

Babangu yeye ana mizani yake. Amekulia picha za Kihindi enzi za kumbi za sinema za Regal na Naaz, na kwake filamu ina stelingi, ina adui, ina mrembo, na stelingi hafi. Nilipomwekea Avengers nyumbani akatazama robo saa, akauliza, "Stelingi ni nani?" Nikamwambia wako sita. Akavua miwani. "Stelingi sita? Hiyo si picha, hiyo ni kamati." Sina hakika kama alikosea. Filamu ya kundi ukiitazama kwa kumtafuta mtu mmoja utaumia, kwa sababu kipenzi chako atapata dakika kumi na mwenzake ambaye humpendi atapata ishirini. Baada ya Endgame nilimsimulia Mzee kwamba Iron Man amekufa, baada ya filamu zote zile. Hakushtuka. "Basi hakuwa stelingi," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Endgame ina dakika 181. Age of Ultron ilikuwa 141, Infinity War 149, na Doomsday sitarajii iwe fupi. Ukienda onyesho la saa tatu usiku, jumlisha matangazo, utatoka saa sita imepita, na kama unakaa Likoni feri za saa hizo utazikimbilia. Nenda la mchana. Chooni nenda kabla taa hazijazimwa. Na baridi! Sisi watu wa joto tunaingia na fulana, mashine ya hewa inatupiga saa tatu mpaka tunatetemeka meno. Mamangu alinilazimisha kubeba leso yake 2019, nikaona haya, nikaificha kwenye mfuko. Kufikia katikati ya filamu tumejifunika wawili, mimi na binamu, leso ya maua mekundu, wala hakuna aliyetutazama.

Mwaka ule kulikuwa na haraka pia, kwani filamu iliingia mwisho wa Aprili na Ramadhani ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Kila mtu alitaka aione kabla ya mwezi. Waongozaji wenyewe, ndugu Anthony na Joe Russo, walikuwa wametoa barua kuwaomba mashabiki dunia nzima wasifichue. Binamu yangu alinisomea barua ile mlangoni mwa ukumbi, sentensi kwa sentensi, kama hakimu anayesoma mashtaka. Kisha akanyoosha mkono. "Kaka, lete simu." Nikampa. Akaizima, akaitia mfuko wa ndani wa jaketi, akafunga zipu.

Na nyundo ikaja. Thor ameshikwa vibaya na adui, Thanos, nyundo inainuka chini peke yake, inapiga, inarudi kwenye mkono wa Captain America. Sijawahi kusikia kelele namna ile Mombasa nje ya uwanja wa mpira. Mzee mmoja mwenye kanzu alisimama wima. Bisi zote za binamu zilinimwagikia mapajani, naye akanipiga bega mara tatu, nne, akipiga kelele, "Ile meza! Ile meza!" Laiti angesikiliza ujumbe wangu wa 2015 na asiione Age of Ultron kabisa, ile meza asingekuwa nayo.

Filamu ilipokwisha, watu wengi walibaki vitini wakingoja kale kakipande ka mwisho ambako Marvel wametuzoesha. Majina yakapita, yakapita. Wengine wakachoka, wakaondoka. Wafagiaji wakaingia na mifagio. Hakakuja kakipande. Mwisho kabisa zikasikika sauti tu: chuma kikigongwa, mara moja, mbili, tatu, kama kwa mhunzi.

"Ni nini hiyo?" binamu akauliza.

Nilijua. Nilikuwa nimeshaisikia sauti ile kwenye filamu ya kwanza ya Iron Man, ya 2008.

"Inuka twende," nikamwambia, "tutakosa feri."