Kabla hujaandika "kidole tumbo kimevimba"

Wadogo zangu mlioanza kazi chumba cha ultrasaundi mwaka huu, nimesoma ripoti zenu za utumbo. Bidii naiona, ila kosa ni lilelile la waliowatangulia.

1. Tumia probu nyoofu (kile kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi), ya mawimbi ya megahezi 7 hadi 12, na kandamiza taratibu mgonjwa anapotoa pumzi ili hewa ipishe. Ukiachia ghafla, tumbo litakakamaa na kazi imeharibika.

2. Pima ukuta mmoja tu, wala si miwili kwa pamoja. Ukuta wa utumbo mwembamba kwa kawaida hauzidi milimita 3, lakini utumbo uliojikaza huonekana mnene, basi subiri ulegee.

3. Jamani, hapa. Mgonjwa analia upande wa kulia chini, unaona mrija wa milimita 7, unagandisha picha, unaandika "kidole tumbo kimevimba". Daktari wa upasuaji anafungua tumbo na kukikuta kidole tumbo kizima. Ule mrija ulikuwa mwisho wa utumbo mwembamba! Ungeutazama hata dakika moja ungeuona ukicheza, ukibonyea chini ya probu, kisha ukiungana na utumbo mwingine. Kidole tumbo hakichezi. Kinatokea kwenye sikamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana, na ncha yake imeziba. Kwa hiyo shuka na utumbo mpana kutoka chini ya ini hadi sikamu, tafuta mwisho wa utumbo mwembamba unapoingia, halafu teremka kama sentimita 2. Angalia juu ya soasi, msuli mkubwa ulio kando ya uti wa mgongo, na mishipa mikubwa ya nyonga. Ukikipata, kifuate mpaka nchani, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa nchani peke yake. Kikijificha nyuma ya sikamu, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto. Na unene unaozidi milimita 6 pekee hautoshi kusema kimevimba, maana vidole tumbo vizima vyenye hewa au kinyesi hupita hapo. Tafuta kidole tumbo kisichobonyea, mafuta meupe yaliyokizunguka, damu nyingi ukutani kwa dopla (kipimo cha mtiririko wa damu), au kijiwe chenye kivuli. Usipokiona, andika "hakikuonekana". Ukiandika "ni cha kawaida" unamfunga macho daktari.

4. Mtoto mwenye utumbo ulioingiana, yaani kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine: ukiona duara linalozidi sentimita 2.5 upande wa kulia, lenye mafuta na tezi ndani, mwite daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Duara dogo, chini ya sentimita 2, katikati ya tumbo, mara nyingi hujiachia lenyewe. Rudia kupima baada ya nusu saa, mtoto akiwa bado hapohapo.