Kivimbe cheupe kwenye figo, usikimbilie kuandika kansa

Wadogo zangu mnaoanza utrasaundi huku Mtwara, hili nawaambia mapema maana mimi lilinichapa. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja wa Tandahimba analalamika tumbo tu, napitisha probu figo ya kulia nakuta kitu cha duara kinang'aa, cheupe kuliko nyama ya figo yenyewe, weupe uleule wa mafuta yanayoizunguka figo. Nikaandika "uvimbe, yawezekana kansa". Zamu yangu haijaisha wanawe washaanza kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, ili mama apelekwe Dar. Bado inaniuma.

Kumbe ilikuwa anjiomayolipoma, uvimbe usio kansa, umejengwa na mishipa ya damu, misuli laini na mafuta, na hayo mafuta ndo yanayong'aa. Ila msirukie upande wa pili mkasema kila cheupe ni mafuta, kansa ndogo ya figo nayo inaweza kung'aa hivyohivyo, utrasaundi peke yake haimalizi. Kinachomaliza mara nyingi ni CT, tena zile picha za kabla ya dawa ya mshipa (ile ya kung'arisha picha), vipande vyembamba, unaweka kiduara juu ya uvimbe, ikisoma chini ya -10 Hounsfield (kipimo cha CT cha uzito wa kitu, maji ni 0) basi hapo kuna mafuta. Yule mama mara ya kwanza alipigwa picha za dawa tu, ikabidi arudie, nauli mara mbili. Kwahiyo kwenye fomu andikeni wazi: bila dawa kwanza, tunatafuta mafuta. Zipo chache ambazo mafuta hayaonekani, hizo mpelekeeni daktari wa mkojo, pengine zitahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe.

Ukikuta vivimbe vingi tena figo zote mbili, muulize mgonjwa kifafa, muangalie vipele pembeni ya pua, inaweza kuwa tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa kurithi.

Na pimeni sentimita kila mara, muandike na tarehe. Wa yule mama ulikuwa 2.6, anarudi kila mwaka korosho zikiisha nalinganisha na karatasi ya zamani. Ukivuka 4 hatari ya kuvuja damu inapanda, mjamzito ndo zaidi, na mtu wa hivyo akija ubavu umembana ghafla, amepauka, presha imeshuka, weka probu pembeni kwanza, weka njia mbili za dripu kwenye mishipa, agiza damu, mpigie daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.