Mashine ya umeme haitakufanyia mazoezi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34, naishi Dodoma. Miezi mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti la kulia, na paja la mguu huo limenywea mpaka suruali inapwaya upande mmoja. Nataka kununua mashine ndogo ya umeme ya kukaza misuli nitumie nyumbani. Nimeona mbili. Moja ni shilingi 65,000, ina "mitindo 24" na nguvu ya ngazi 1 hadi 20. Nyingine ni 290,000, boksi lake limeandikwa TENS na NMES, 100 mA, 400 µs. Muuzaji anasema ya kwanza inatosha, niivae tu nikiwa kazini na mazoezi sitayahitaji sana. Mama yangu naye ana kisukari na ganzi ya miguu, nilitaka tuitumie wote. Nishauri.

JIBU: Ukiwa na hela ya kununua, chukua ya pili, na mama asiitumie. Lakini nianze na kauli ya huyo muuzaji, maana wagonjwa wananijia nayo kila wakati na imenichosha: eti utaivaa umekaa kazini na mazoezi hutayahitaji.

Goti likiumia, likapasuliwa na kuvimba, taarifa zinazotoka kwenye kiungo hicho huufanya mfumo wa neva upunguze amri kwa msuli wa mbele wa paja. Unakaza kwa nguvu zako zote, msuli unaitika nusu. Mashine inasaidia hapo kwa sababu inaichochea neva palepale pajani, bila kusubiri amri ya ubongo. Ndiyo maana faida yake kubwa huonekana katika wiki za mwanzo. Wewe uko mwezi wa tatu. Kama ukinyoosha mguu na kukaza paja bado pia ya goti haivutwi vizuri kwenda juu, umeme una kazi ya kufanya. Kama inavutwa vizuri, kilichobaki ni uzito: kuchuchumaa kwa kina ulichoruhusiwa, kupanda na kushuka kibao kwa mguu mmoja, kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Umeme huamsha nyuzi zilezile za msuli, zote kwa mpigo, kwa hiyo huchoka upesi. Tena haukufundishi kulidhibiti goti unaposhuka ngazi au kugeuka ghafla. Hilo mwili hujifunza kwa kushuka ngazi na kugeuka.

Kuhusu mashine zenyewe: "mitindo 24" na "ngazi 20" havikwambii kitu. Ngazi ya 20 ya nini? Nyingi za aina hiyo ni TENS iliyobadilishwa jina. TENS huchezea neva za hisia ili kutuliza maumivu; NMES ndiyo ya kukaza misuli. Unasikia kutekenywa, pengine msuli unarukaruka, na watu wanaamini kuruka huko ndiko kujengeka kwa msuli. Msuli mkubwa kama wa paja unahitaji pigo refu, maikrosekunde (µs) 300 hadi 400, mapigo 50 hadi 75 kwa sekunde, na mkondo wa kutosha kuukaza kwelikweli. Miliampea (mA) 100 zinakupa nafasi. Kitu cha kuangalia kuliko vyote, ambacho wauzaji hawakitaji kabisa, ni muda wa kukaza na muda wa kupumzika. Mashine nzuri inakuruhusu uweke mwenyewe sekunde 10 za kukaza na sekunde 50 za kupumzika, pamoja na sekunde mbili hivi za mkondo kupanda taratibu usikushtue. Mashine inayotetemesha bila kupumzika inauchosha msuli ndani ya dakika chache, basi.

Angalia pia kama nyaya na pedi zinapatikana peke yake. Kwa paja tafuta pedi za sentimita 5 kwa 9. Pedi ndogo hukusanya mkondo mahali padogo. Inachoma ngozi kabla msuli haujakaza. Pedi iliyokauka gundi ni mbaya zaidi, kwa sababu inagusa ngozi kwa vipande na umeme wote unapita hapo. Ngozi ioshwe, isiwe na mafuta. Ukiona IEC 60601-2-10 kwenye kijitabu chake, yaani kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine za kuchochea neva na misuli, ni dalili nzuri, na kwa Tanzania uliza kama kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kutumia: kaa kwenye kiti, goti likunjwe pembe ya kama nyuzi 60, kifundo cha mguu kifungwe kwenye kitu kisichosogea. Pedi moja juu ya paja upande wa nje, nyingine chini upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Mkondo ukipanda, na wewe kaza, kwa nguvu ya juu unayoweza kuvumilia. Mikazo 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa wiki. Huwezi kufanya hivyo huku unaandika ripoti ofisini. Na usiguse chochote kabla mtaalamu wako wa fiziotherapia hajaithibitisha hiyo nyuzi 60 kwa ligamenti yako, kwa sababu mkazo mkali goti likikaribia kunyooka unaivuta ligamenti mpya.

Sasa mama. Umeme huu hupimwa kwa hisia ya anayeutumia: anapandisha mpaka anaposikia, anasimama panapouma. Mtu mwenye ganzi hana kipimo hicho. Anapandisha, hasikii, anapandisha tena, na ngozi inaungua bila yeye kujua. Kwa mwenye kisukari, kuungua kadogo kwenye wayo ni kidonda, na vidonda hivyo tunajua vinakoishia. Mama apelekwe kliniki ya kisukari wampime miguu, na ninyi mwikague kila jioni, mpaka katikati ya vidole.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Zile mati za umeme za kukanyaga, zinazokunjwa, zinauzwa mitandaoni kwa watu haohao wenye ganzi, kwa maneno kwamba "zinafungua mishipa". Wanaouza wanamlenga hasa mtu anayepaswa kukaa nazo mbali. Wengine wanauzia familia za wagonjwa wa kiharusi. Kwenye kiharusi umeme una nafasi, kuinua wayo unaoburuta au kunyanyua kiganja, mgonjwa akifanya tendo lenyewe huku akisimamiwa. Muuzaji anawafundisha kubandika pedi kwenye misuli inayokunja mkono, ambayo tayari imekakamaa. Aliyepooza uso kwa sababu neva yenyewe imekufa anauziwa mashine ya maikrosekunde 400, wakati msuli uliopoteza neva yake unahitaji pigo la milisekunde nyingi, zaidi ya 10 (milisekunde moja ni maikrosekunde 1,000). Atakaa nayo miezi na uso hautasogea kwa sababu ya mashine hiyo.

Mikanda ya umeme ya kuondoa kitambi ni hadithi ya zamani. Mei 2002 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, iliwashtaki wauzaji wa AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa madai kwamba umeme unayeyusha mafuta ya tumbo bila mazoezi. Maneno yaleyale leo yanasomwa Kariakoo.

Mwenye betri ya moyo asivae mkanda wowote wa namna hii. Mjamzito asiuweke tumboni wala kiunoni. Mtu yeyote asibandike pedi mbele ya shingo, au kifuani mkondo ukapita moyoni, au kwenye mguu uliovimba ghafla na kuuma, kwa sababu huenda damu imeganda ndani. Mwenye kifafa au saratani azungumze kwanza na daktari wake, na kama mkanda umeshanunuliwa, ubaki ndani ya boksi mpaka atakapomwona.