Kuletewa chakula mlangoni: jibu langu kwa mdogo wangu

Juzi kwenye kundi la ukoo mdogo wangu wa Pasua, Moshi, aliandika hivi: "Dada, kipindi cha korona sisi tulibanana sokoni Mbuyuni na barakoa za kitenge. Ninyi Uingereza mnabonyeza simu, sukari inafika mlangoni. Sasa ulikuwa unalia nini kwenye simu?" Wengi mkacheka. Mimi sikujibu siku ile kwa sababu swali lilinigusa, na jibu lake ni refu. Leo nimetulia, ngoja niwaambie.

Shemeji yenu mnajua alipandikizwa figo. Mtu wa namna hiyo anameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ya mwenzake. Uingereza ilipofungwa tarehe 23 Machi 2020, yeye alikuwa miongoni mwa watu kama milioni moja na nusu walioambiwa wakae ndani wiki 12, wasitoke hata kwenda dukani. Nami nikaacha kwenda, maana tunalala kitanda kimoja. Ningeleta ugonjwa pamoja na mkate. Kwa hiyo kuletewa kwetu hakukuwa starehe. Ilikuwa hivyo au tukae na njaa.

Sasa sikilizeni jinsi kulivyokuwa. Chakula hakiji kwa sababu umelipa. Kwanza upate nafasi, yaani saa fulani ya siku fulani ambayo gari la duka litapita mtaani kwako. Nchi nzima ilikimbilia nafasi hizo ndani ya siku chache, na magari ni yaleyale. Nilikuwa naamka saa sita usiku zinapofunguliwa nafasi za siku mpya, nakuta foleni kwenye simu, watu maelfu mbele yangu. Nakaa kitandani na blanketi mabegani naangalia namba ikishuka. Zamu yangu ikifika, nafasi zimeisha. Usiku mwingine tena. Zilikatika wiki mbili na nusu hivyo. Tulikula wali, maharage, na dagaa ambao mama alinifungia Desemba. Kitunguu cha mwisho nilikigawa mara tatu. Pesa ilikuwepo benki, duka lilikuwa mwendo wa dakika kumi, na sikuwa na njia ya kupata kitunguu. Usiku huo nililia.

Nilimkumbuka sana Mangi wetu, mwenye duka wa pale kona. Hata akiwa amefunga unagonga dirisha, anakupa, anaandika kwenye daftari. Anajua nyumba gani ina mgonjwa, nyumba gani baba hajapokea mshahara. Mama wa gengeni akikuona umenyong'onyea anakuongezea nyanya mbili juu ya fungu. Mashine ya duka la huku haikujua kwamba ndani mwetu kuna mtu wa figo, hadi jina lake lilipofika kwao kwenye orodha ya serikali, na hilo lilichukua muda. Lilipofika, haki isemwe, mambo yalibadilika. Tulipewa nafasi kabla ya wengine, na serikali ikaleta maboksi ya bure: makopo, tambi, mkate, matunda. Kwetu lingetokea hilo? Sidhani, na sitaki kuwadanganya.

Halafu kuna hili la mbadala. Ukiagiza kitu wakakosa, wanakuwekea kinachofanana. Niliagiza unga wa mahindi, wakaniletea ule wanga mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, kwa sababu jina lake kwa Kiingereza linakaribiana. Ugali hausongeki, unavutika kama gundi. Unga wa ngano nao ulipotea. Baadaye nikaelewa kwa nini: ngano ilikuwepo na vinu vilisaga usiku na mchana, ila asilimia 4 tu ya unga wa nchi hii huuzwa madukani kwa mtu wa nyumbani. Uliobaki unakwenda kwa waoka mikate na viwanda kwa magunia na malori. Watu walipoanza kuoka majumbani, vifurushi vya kilo 1.5 havikutosha. Sisi tuliozoea kupimiwa kwa sado tungeshusha gunia tukagawana.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kingine. Kijana wa gari alikuwa anaweka makreti kizingitini, anagonga, anarudi nyuma mita mbili. Mimi nafuta kila pakiti kwa dawa. Yeye jioni ile ameshagonga milango ishirini. Sisi tulikaa ndani kwa sababu yeye alitoka.

Na siku hizohizo nilikuwa nampigia mama simu kumkataza asishuke kutoka Uru kuuza ndizi Mbuyuni. Nilikuwa mkali kabisa. Wewe mdogo wangu ulikuwa nyumbani, Mlima Kilimanjaro hauna wageni, mizigo yao ya kubeba hakuna, na nilichotuma mwezi ule kilikuwa kidogo maana na mimi saa za kazi zilipunguzwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu: "Mwanangu, nikikaa, nani ataniletea?" Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa huko nyumbani, mkanitumia picha za watoto na sare. Jumatatu hiyohiyo usiku, Leicester, mji wetu huku, ikatangaziwa kuendelea kufungwa wakati miji mingine ya Uingereza inajiandaa kufunguliwa. Nilifunga zile picha, nikaenda kuangalia nafasi za kuletewa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nalilia, mdogo wangu: kitunguu, na lile neno la mama. Shemeji yenu anawasalimu. Figo bado inafanya kazi.