Tairi pana, rimu ileile: kwa anayeanza kazi ya matairi

Mteja anaingia na Toyota Prius yake, anaonyesha gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara: "Fundi, nataka matairi yajae kama yale. Rimu usiniguse." Anayeanza kazi hukimbilia rafuni kutazama saizi zilizopo. Usiende rafuni kwanza. Kinachoamua hapa ni upana wa rimu, na rimu bado imefungwa kwenye gari, hujaisoma.

Ivue uisome. Kwenye rimu ya chuma, namba hugongwa karibu na tundu la valvu. Kwenye rimu ya aloi huwa upande wa nyuma, juu ya spoku au katikati, na mara nyingi utalazimika kusugua vumbi la breki ndipo uzione. Prius ya kizazi cha tatu iliyotoka kiwandani na rimu za inchi 15 utaikuta na 15x6J na namba 45. Hiyo 15 ni kipenyo, 6 ni upana kwa inchi, J ni umbo la mdomo wa rimu, na 45 ni ofseti, yaani milimita kutoka mstari wa katikati ya rimu hadi uso unaogusana na habu, kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa.

Kutu ikiwa imekula namba, pima kwa rula, lakini pima ndani, pale ukingo wa tairi unapokaa. Wanafunzi wengi hupima kutoka mdomo wa nje hadi mdomo wa nje, wanapata takriban inchi 7, wanaamini wana rimu ya 7J. Midomo yenyewe huongeza karibu inchi nzima. Rimu ya 6J ina milimita 152 kati ya kuta zake za ndani. Kosa hili dogo la rula ndilo linalofunga tairi la upana wa milimita 225 mahali pasipolistahili.

Sasa njoo kwenye tairi. Saizi kama 195/65R15 husomwa hivi: 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kila saizi ina kiwango cha chini na cha juu cha upana wa rimu kinachokubalika, na kinapatikana kwenye majedwali ya watengenezaji. Kwa saizi zinazopita sana mikononi mwetu: 185/65R15 hukubali rimu ya inchi 5 hadi 6.5. 195/65R15 ni 5.5 hadi 7. 205/60R15 na 205/65R15 ni 5.5 hadi 7.5. 215/60R15 huanzia 6 hadi 7.5. Kwa hiyo Prius yetu ya 6J, ambayo kiwandani ilivaa 195/65R15, inaweza kubeba 205 bila wasiwasi. 215 nayo inaingia, ila iko kwenye mpaka wa chini kabisa. Gari lenye rimu ya 5.5J, 205 ndiyo mwisho wake, na 215 hapana, hata mteja akikuongezea pesa.

Tena, namba iliyoandikwa ubavuni si upana utakaoupima kwa kalipa. Tairi la 195/65R15 likifungwa kwenye 6J lina upana wa kama milimita 201. Tairi la 205/65R15 kwenye rimu hiyohiyo ni kama 209. Lile la 215/60R15 hupimwa kwenye rimu ya 6.5 na kutoa 221. Ukilifunga kwenye 6J linabanwa, linashuka hadi kama 216. Kanuni ni kwamba kila nusu inchi ya rimu hubadilisha upana wa tairi kwa milimita 5 hivi. Chapa hutofautiana, kwa hiyo ziache milimita mbili tatu za tahadhari.

Ukipita kiwango, hiki ndicho kinachotokea. Midomo ya rimu inavuta mbavu za tairi ndani, tairi linavimba kama mkate uliokosa nafasi kwenye chombo, na uso unaokanyaga barabara unapinda katikati. Tairi linaanza kulika katikati hata upepo ukiwa sahihi. Mbavu zinayumba, na dereva anakata kona huku gari likichelewa kidogo kumfuata. Mbavu zinazoyumba hupata joto, na kutoka Dar kwenda Dodoma saa nane mchana joto hilo si la kuchezea. Likipungua upepo, ukingo unaweza kuchomoka kwenye rimu katikati ya kona. Wateja wengi hawajui hili la mwisho, waambie.

Muulize mteja kwa nini anataka tairi pana. Akisema ni kwa sura, sawa, sura ni yake. Akisema anataka gari lipande ili lisiguse matuta, hapo piga hesabu mbele yake, maana watu huchanganya upana na urefu. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi 15 ni milimita 381). 195/65R15 inatoa 634.5. 205/65R15 inatoa 647.5. Tofauti ni milimita 13, lakini gari linapanda nusu yake tu: 6.5. Mwonyeshe penseli. Unene wa penseli ndio anaoulipia. Na akichagua 205/60R15 kwa kuwa 205 ni kubwa kuliko 195, gari linashuka kwa karibu milimita 4, kwa sababu kipenyo ni 627.

Mafundi wengi hawaruhusu kipenyo kizidi au kipungue zaidi ya asilimia 3. 205/65R15 imezidi kwa asilimia 2: spidomita ikisoma 100, gari linakwenda kama 102 kwa kulinganisha na mwanzo. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo asilimia 2 kwa kawaida humezwa. 215/65R15 imezidi kwa asilimia 4, na hapo gari linakuwa zito kuondoka na kingo za fenda zinaanza kulalamika. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne likibadilishwa matairi, yabadilishwe yote manne kwa saizi, chapa na kulika kulekule. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi milimita 6 hivi. Anayefunga mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma anaua mfumo wa kugawa nguvu, na bili yake si ya matairi tena.

Akisema anataka gari lishike barabara, kuwa mkweli kwake. Kwa uzito uleule na upepo uleule, eneo linalogusa lami haliongezeki sana; linabadilika umbo tu, linakuwa fupi na pana. Kwenye kona kavu utaona faida kidogo. Kwenye maji, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, na kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori, usukani huvutwa huku na huku kufuata mifereji ile. Mara nyingi gari linateleza kwa sababu tairi limezeeka. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi gumu la miaka mingi, hata likiwa na mistari mirefu, halishindi tairi jipya la saizi ya kiwandani. Mwambie tu: "Bosi, hela hii hii itakupa manne mapya mazuri ya 195." Wengine watakasirika. Wengi watarudi.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni uzito. Chukua Probox ya kuanzia mwaka 2014, ambayo huvaa 155/80R14 88/86N, tairi la gari la mizigo. Namba 88 ni fahirisi ya uzito, inamaanisha kilo 560 kwa tairi moja; 86 ni ya matairi yakifungwa mawili mawili, na herufi ya mwisho ni ya mwendo. Mtu analiona jembamba, anafunga 175/65R14 82T, na linakaa vizuri kabisa kwenye rimu. Limekuwa pana kwa milimita 20, lakini 82 ni kilo 475. Kila tairi limepoteza kilo 85, manne yamepoteza 340, na kipenyo kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 3. Halafu gari hilo linapakiwa miraa au magunia ya vitunguu kama kawaida. Fahirisi ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwandani. Kwenye Prius, 195/65R15 ni 91, yaani kilo 615. 205/60R15 kwa kawaida ni 91 pia, na 205/65R15 ni 94, kilo 670. Hapo uko salama.

Kabla ya kuvua tairi la zamani, pima nafasi. Kwa kuwa rimu ni ileile na ofseti ni ileile, upana unaoongezeka hugawanyika nusu ndani, nusu nje. Kutoka 201 hadi 209 ni milimita 4 kila upande. Hadi 216 ni 7.5. Mbele, penye shida ni kati ya tairi na shokapu, hasa kwenye kikombe cha chini cha springi. Ibaki angalau nafasi ya kupitisha penseli baada ya kutoa hizo milimita. Nyuma, angalia mkono wa ekseli upande wa ndani na ukunjo wa fenda upande wa nje. Spesa wanazouza za kusogeza tairi nje zinahamisha tatizo kutoka shokapu kwenda fenda na kuongeza mzigo kwenye beringi. Kwa gari la kazi, ziache.

Kufunga kwenyewe, kwa haraka: safisha kutu pale ukingo unapokaa, weka valvu mpya, paka maji ya sabuni, kamwe si oili ya injini, kwa sababu oili hubaki na tairi huzunguka kwenye rimu likipigwa breki. Fuata mshale wa mzunguko na maandishi ya upande wa nje kama yapo. Kama kuna kidoti cha njano, kielekeze kwenye valvu. Hapo ndipo tairi lilipo jepesi. Jaza upepo hadi usikie "pa!" mara mbili, upande mmoja kisha wa pili. Isipokaa ikifika psi 40 (psi ni kipimo cha upepo), toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Usiendelee kupandisha ukiwa umeinamia tairi, na ule mchezo wa petroli na kiberiti usiuguse. Likikaa, angalia mstari mwembamba ulio karibu na mdomo wa rimu: uwe na umbali uleule kuzunguka tairi zima. Ukizama sehemu moja, tairi litatetemesha usukani na hakuna risasi za balansi zitakazoliponya.

Nati za Toyota hizi ni M12 zenye hatua ya 1.5 (kipenyo cha milimita 12, umbali wa milimita 1.5 kati ya meno), spana ya 21. Kaza kwa mfumo wa nyota hadi Nm 103 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mashine ya upepo inayokaza hadi inyamaze hupindisha diski, na mteja anarudi wiki mbili baadaye akilalamika breki zinatikisa.

Upepo uanze na stika ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa; gawanya kwa 6.9 upate psi, hivyo 230 ni 33. Pima tairi likiwa baridi. Kwa tairi lililo kwenye mpaka wa chini wa rimu, fanya jaribio la chaki: chora mstari mnene kukata uso wa tairi kutoka bega hadi bega, sukuma au endesha mita 50 moja kwa moja kwenye lami kavu, kisha uinamie. Chaki ikifutika katikati tu na mabegani ikabaki, uso umepinda. Kama ulijaza kupita stika, punguza psi 1 au 2, rudia, lakini usishuke chini ya stika. Ikibaki vilevile ukiwa umefika kwenye stika, rimu ni nyembamba kwa tairi hilo.

Jaribio la kugusa lifanywe na gari likiwa na watu wanne au mzigo nyuma. Kata usukani hadi mwisho kulia, nenda mbele, kisha rudi nyuma. Halafu kushoto vilevile. Kurudi nyuma ni muhimu kwa sababu bushi husogea upande mwingine na tairi linagusa mahali lisipogusa mwanzo. Panda tuta moja kwa mshazari ili gurudumu la nyuma lipande ndani ya fenda. Kisha jeki, toa tairi, mulika tochi: plastiki iliyong'aa au yenye mstari mweusi mpya ndiyo inakuonyesha palipoguswa. Plastiki ya mbele inayoguswa kidogo usukani ukiwa mwisho, wengine huipasha moto na kuisukuma nyuma. Ikiwa ni chuma cha fenda au bomba la breki, rudisha saizi ya zamani siku hiyohiyo.

Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 ukazihakiki nati, na usimwache aondoke bila kufungua buti. Tairi la spea bado ni la saizi ya zamani au ni lile jembamba la dharura. Likilazimika kutumika, liende ekseli isiyovuta, kwa mwendo mdogo, hadi kwa fundi pancha wa karibu.