Makala yangu imetoka kwenye jarida la Ufini, naruhusiwa kuiweka chuoni?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma PhD huku Ufini, makala yangu imetoka kwenye jarida dogo la chama cha kitaaluma. Maktaba ya chuo wanasema niiweke kwenye hifadhi yao ya mtandaoni ila kwenye tovuti ya jarida sijaona wameandika chochote kuhusu hilo, naogopa kuvunja haki za watu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa makala. Wafini wana neno lao, rinnakkaistallennus, yaani kuhifadhi sambamba, makala inabaki kwenye jarida na nakala inakaa chuoni, na chuo kikuu cha Helsinki kinawataka watafiti wake wafanye hivyo tangu 2010, kwahiyo maktaba hawakutegi.

Shida iko kwenye toleo gani unaweka. Kuna ile uliyotuma mwanzo, kuna ile uliyorekebisha baada ya wakaguzi na ikakubaliwa, halafu kuna pidiefu iliyopangwa kurasa na jarida. Majarida mengi yanaruhusu hiyo ya katikati, na ndo hiyo hiyo watu wanaifuta kwenye kompyuta wakishaona pidiefu nzuri, jamani msifute!

Angalia kama jarida lako liko Journal.fi, jukwaa la shirikisho la vyama vya kitaaluma la huko lililoanza 2017, majarida mengi humo yanasomeka bure. Ila kusomeka bure sio ruhusa ya kunakili, tafuta kama wameandika leseni, yaani masharti ya kuitumia makala. Ukikuta CC BY, leseni inayoruhusu yeyote kunakili mradi ataje chanzo, weka hata pidiefu yenyewe, taja tu jarida na hiyo leseni. Ukikosa leseni, jaribu tovuti ya Open Policy Finder (zamani ikiitwa Sherpa Romeo), wanakusanya sera za majarida.

Huko nako hamna kitu? Usichukulie ukimya kuwa ni ndiyo. Mwandikie mhariri wa jarida, vyama hivi ni vidogo, vingine vinategemea ada za wanachama na pesa za wanaojiandikisha kupokea jarida, so wanaweza kukwambia subiri miezi kadhaa kwanza na mimi naona wana haki, we waulize kwa heshima toleo gani, kuanzia lini na kwa leseni ipi. Wakijibu, tunza hiyo imeili na uwatumie maktaba nakala pamoja na faili.