Uliza Mwalimu: Kura ya 1870 ilipotelea wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tano, Morogoro. Tumefundishwa kwamba wanaume weusi wa Marekani walipata haki ya kupiga kura mwaka 1870. Sasa mbona Martin Luther King alikuwa bado anaandamana Selma, Alabama, mwaka 1965 kuidai haki hiyohiyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinachoniuma ni kwamba walishaionja. Utumwa ulifutwa mwaka 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vilipokwisha, mwaka 1868 wakatambuliwa kuwa raia, na mwaka 1870 Katiba ikakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Wakapiga kura kwelikweli. Mwaka huohuo Hiram Revels, mtu mweusi, aliingia Seneti kwa niaba ya Mississippi.

Walichonyimwa ni ardhi. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitenga mashamba ya pwani ya South Carolina na Georgia, kila familia ya waliokuwa watumwa igawiwe hadi ekari 40. Watu wakahamia, wakalima. Mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana wa zamani na kuagiza warudishiwe mashamba yao. Oktoba, Jenerali Howard wa jeshi hilohilo akatumwa kisiwani Edisto, South Carolina, kuwapasha wakulima hao weusi habari hiyo kanisani, akawasihi wapatane na mabwana hao.

Kamati ya wakulima hao ilimjibu kwa barua, na barua hiyo ipo mpaka leo. Walimwambia: wewe vita vimekuchukulia mkono tu, unaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga mtini akanicharaza viboko 39, akawavua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na leo hataki nikae hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei anayotaka yeye, huyo siwezi kumsamehe. Anajua fika, wakasema, kwamba ningekuwa na ardhi yangu nisingekuwa na haja naye.

Hapo ndipo penye jibu lako. Wengi waliishia kulima shamba la bwana kwa kugawana mavuno, huku wakikopa mbegu na unga. Aliyepiga kura asivyotaka bwana alifukuzwa shambani, na wapo waliouawa. Colfax, Louisiana, mwaka 1873, makumi ya watu weusi waliuawa siku ya Pasaka. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya nchi ikawaachia wachache waliokuwa wametiwa hatiani. Mwaka 1877 jeshi la serikali kuu likaacha kuzilinda serikali za mwisho za Kusini ambazo watu weusi walizichagua.

Wazungu waliobaki madarakani hawakuhitaji kuifuta haki ya 1870. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya yenye kodi ya kura, yaani kodi ya kulipwa kabla mtu hajaruhusiwa kupiga kura, na mtihani wa kusoma, bila kutaja rangi ya mtu. Majimbo mengine yakaiga. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufika 1904 walibaki kama 1,300.

Ndiyo maana sheria ya Agosti 1965, iliyopatikana baada ya Selma, iliipa serikali kuu uwezo wa kupeleka maofisa wake kuandikisha wapiga kura, badala ya kuwaachia kazi hiyo makarani wa huko waliosimamia mitihani hiyo.